Samaki na Uduvi Wanaopatana: Nasaha kwa Nyumba za Meru na Embu



Ndugu wasomaji, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake, juma hili twalijibu swali lililotufikia kutoka bara. Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Pwani aliyeolewa Embu, ametuandikia kwamba watoto wake wamemwomba tangi dogo la kioo la kufugia samaki wa maji baridi, na wifi yake aliyeko Meru naye amevutiwa na jambo hilo hilo. Muuza samaki amemshauri atie katika tangi moja samaki wa dhahabu wawili, beta mmoja, gapi sita na uduvi wekundu kumi, akamwambia kwamba wote watazoeana. Dada yake wa Mombasa amemhakikishia kuwa hapana haja ya hita ya kupasha maji moto, kwa kuwa yeye anafuga gapi bila hita na samaki wake hawana neno. Anatuuliza amwamini nani.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: muuza samaki asifuatwe katika ushauri huo, na dada wa Mombasa asema kweli, ila ukweli wake ni wa Mombasa. Sababu zake twazieleza hapa chini, kwa kuwa tunaamini swali hili si la nyumba moja.

Wako waulizao kwanza kama yafaa kumfungia kiumbe ndani kwa ajili ya kumtazama. Wanavyuoni wetu wameizungumza mas-ala hii wakitegemea kisa cha Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea. Kilipokufa, Mtume (S.A.W.) alimliwaza mtoto yule kwa kumuuliza habari za kindege chake kwa maneno ya upole, wala hakumkemea kwa kukifuga. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi wa karne ya nne Hijria, alikiandikia kisa hicho kijitabu kizima, akatoa ndani yake faida zipatazo 60. Lakini papo hapo tunayo habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Tukiziweka habari hizi mbili pamoja, twaona kwamba ruhusa ipo, nayo ina sharti. Kiumbe uliyemfungia hawezi tena kujitafutia, na riziki yake na usalama wake vimekuwa juu ya shingo yako.

Tena samaki ana jambo moja asilokuwa nalo paka: halii. Paka mwenye njaa ataamsha nyumba nzima, bali samaki anayechomwa na maji mabaya, au anayetafunwa mkia na mwenziwe usiku kucha, hufa kimya mbele ya watoto wanaomtazama na kusema jinsi alivyo mzuri. Kwa hiyo uadilifu wa mfugaji wa samaki huanza kabla hajanunua chochote, katika kuchagua. Akichagua vibaya siku ya kwanza, wema wake wote wa baadaye hautawafaa kitu.

Maji kabla ya samaki

Watu wengi huanza kwa rangi ya samaki. Sisi twasema, mama mwenye nyumba aanze kwa kutazama ndani ya birika analochemshia maji ya chai.

Sisi watu wa Pwani twajua namna birika linavyofanya magamba meupe. Maji ya visima vyetu hupita katika mawe ya matumbawe, huyeyusha chokaa na kuja nayo mpaka jikoni. Maji ya namna hiyo huitwa magumu. Miji ya Embu na Meru hupata maji yake kutoka kwenye mito ya Mlima Kenya, mlima uliojengwa kwa miamba ya volkano, na maji yateremkayo kutoka huko aghalabu huwa laini: chokaa yake ni kidogo, sabuni hufanya povu upesi, na birika hukaa muda mrefu bila magamba. Lakini wasomaji wetu walioko sehemu kavu za chini, upande wa Mbeere na Tharaka, wanaotumia visima virefu, wasilichukue neno hili kama lilivyo, kwani maji ya visima huweza kuwa magumu au hata ya chumvi. Watazame birika lao, nalo litawaambia.

Birika lina maana gani kwa samaki? Kila samaki ameumbiwa maji yake. Gapi na moli hupenda maji yenye chokaa, na ndiyo maana hustawi katika nyumba nyingi za Mombasa. Samaki wadogo wanaoitwa tetra wa neoni, ambao asili yao ni vijito vya bonde la Amazon, hupenda maji laini. Uduvi hujengea gamba lake kwa chokaa, na katika maji laini mno hushindwa kujivua gamba kuukuu na kuvaa jipya, akafa katikati ya kazi hiyo. Kwa hiyo samaki wawili wanaweza wasigombane hata mara moja na bado wasifae kuishi pamoja, kwa sababu maji yampayo uhai mmoja humdhoofisha mwingine.

Maji ya bomba hutiwa klorini ili yawe salama kwetu, na klorini hiyo huunguza matamvua ya samaki. Yaachwe ndani ya ndoo iliyo wazi kwa saa 24 ndipo yatumike. Ikiwa mamlaka ya maji ya mahali hapo hutumia kloramini, kulaza maji hakutoshi, na itabidi inunuliwe dawa ya kuiondoa katika duka la samaki.

Baridi ya mlimani

Sasa twaja kwa neno la dada wa Mombasa. Mombasa iko usawa wa bahari. Mji wa Embu uko juu kwa kiasi cha mita 1,350, na Meru kiasi cha mita 1,500. Usiku wa mwezi Julai, wakati ukungu umeufunika mlima na jua halionekani siku nzima, joto la nje katika miji hiyo huweza kushuka hadi nyuzi 12 au 13 za Selsiasi. Maji yaliyo ndani ya nyumba hayashuki kiasi hicho, lakini hukaa chini ya nyuzi 20 kwa siku nyingi mfululizo. Beta, ambaye kwao ni Thailand na nchi jirani, ataka nyuzi 24 hadi 28. Gapi apenda 22 hadi 28. Katika ubaridi wa Julai wa Meru samaki hawa huwa wazito, hukataa chakula, mapezi yao hujikunja, kisha magonjwa ya ukungu na madoa meupe huwaingia.

Basi mwenye nyumba wa Meru au Embu ana njia mbili. Ya kwanza ni kununua hita, na kwa tangi la lita 50 hivi yatosha ya wati 50 hadi 100 yenye kujizima yenyewe joto likifika. Njia hii ina gharama ya umeme, na stima ikikatika usiku inampasa alifunike tangi kwa blanketi ili lisipoteze joto upesi. Ya pili ni kuchagua samaki wanaopenda ubaridi wenyewe, akaepukana na hita kabisa. Sisi twaielekea njia ya pili, kwa sababu inalingana na maumbile ya mahali na haimtwiki mama mzigo mwingine wa bili.

Kipimo cha mdomo

Katika kuamua nani akae na nani, iko kanuni moja ambayo hata mtoto wa chuoni aweza kuishika: kila kinachoingia mdomoni mwa samaki ni chakula chake. Samaki hana uovu katika hilo, ndivyo alivyoumbwa. Uovu ni wa yule aliyemtia mla na mliwa katika chumba kisicho na mlango.

Tuwapime kwa kipimo hicho wale walioshauriwa na muuza samaki. Samaki wa dhahabu ni jamaa wa kapu. Huuzwa akiwa mdogo kama kidole, lakini hukua akapita sentimita 20, na akitunzwa vyema huishi miaka 10 hata 20. Hupenda maji ya ubaridi, huchafua sana, na uduvi kwake ni kitoweo. Tangi la lita 54 ni dogo kwake, na lile bakuli la duara tulionalo katika picha za watoto ni gereza. Beta dume ni mzuri mno kwa mapezi yake marefu, lakini ni mgomvi wa asili: madume wawili hupigana mpaka mmoja ashindwe au afe, na gapi dume mwenye mkia wa rangi humkasirisha kwa sababu humdhania beta mwenziwe. Samaki wa dhahabu ataka maji ya baridi na beta ataka ya moto, basi hakuna namna ya kuwaridhisha wote wawili. Gapi na beta wote huwala watoto wa uduvi, na beta wengine huwashambulia hata uduvi wakubwa. Kwa hiyo katika orodha ile wapangaji wanne wamepewa chumba kimoja, ilhali hawapatani katika joto, wala ukubwa, wala tabia.

Wako pia wenyeji ambao watoto watawaleta wenyewe. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki, mabwawa 200 kwa kila jimbo la uchaguzi katika majimbo 140, na sehemu za Meru na Embu zilikuwamo. Tangu hapo familia nyingi huko zimezoea kufuga tilapia na kambare kwa ajili ya kuuza na kula, na vifaranga vyao hupatikana kwa wepesi. Mtoto akiona vifaranga vya tilapia vikiogelea ndooni atataka viwili vya tangi lake. Asikubaliwe. Tilapia hukua akawa wa sahani, hufukua mchanga, hung'oa mimea na kuwafukuza wengine. Kambare naye ni mla-usiku, na mdomo wake ni mpana kuliko huruma zetu. Hao kwao ni bwawani. Vivyo hivyo kaa wa mtoni, ambaye watoto humpata chini ya mawe, atamkamata uduvi kwa magando yake na kumvizia samaki aliyelala.

Wanaopatana

Tuwataje sasa wanaofaa. Kwa nyumba isiyo na hita, wa kwanza ni samaki mdogo aitwaye na wataalamu Tanichthys albonubes. Asili yake ni vijito vya Mlima wa Wingu Jeupe karibu na Guangzhou, nchini China, na jina hilo la kitaalamu lilitolewa mwaka 1932 kwa heshima ya kiongozi wa skauti aliyeitwa Tan, aliyemgundua. Urefu wake ni kiasi cha sentimita 4, mwili una mstari unaong'aa na mapezi yana wekundu. Hupenda maji ya nyuzi 16 hadi 22, naye si mgomvi. Ajabu ni kwamba samaki wa mlima wa China amefanana na hali ya hewa ya mlima wetu kuliko gapi wa Mombasa. Wa pili ni danio mwenye michirizi kama ya punda milia, ambaye asili yake ni Bara Hindi. Huyu huvumilia nyuzi 18 hadi 25, lakini ni mwepesi na mwenye mbio, kwa hiyo apewe tangi refu. Wote wawili huishi kwa makundi: wasipungue sita, kwani mmoja pekee huwa na hofu na hujificha.

Kwa nyumba iliyo na hita, gapi wafaa, kwa sharti la kuwatilia chokaa kidogo katika maji yao. Na hapa tuwatahadharishe akina mama. Gapi jike huzaa watoto walio hai karibu kila mwezi, huweza kuzaa zaidi ya 20 kwa mara moja, na akishapandwa mara moja huhifadhi mbegu akazaa mara kadhaa bila dume kuwapo. Mwenye kununua dume mmoja na majike wawili leo, baada ya nusu mwaka atakuwa hana pa kuwaweka. Asiyetaka wazao anunue madume matupu.

Uduvi anayefaa kuanzia ni yule mwekundu mdogo ambaye wauzaji humwita cheri. Asili yake ni China na Taiwan, urefu wake ni sentimita 2 hadi 3, na huishi mwaka mmoja hadi miwili. Hustahimili nyuzi 18 hadi 26, kwa hiyo hukaa vizuri na samaki tuliowataja. Hala samaki mzima. Kazi yake mchana kutwa ni kuokota ukoga, majani yaliyooza na makombo. Jike hubeba mayai 20 hadi 30 chini ya tumbo kwa muda wa majuma matatu au manne, na watoto hutoka wakiwa na umbo kamili la wazazi wao, wadogo kama uzi. Uko pia uduvi mkubwa kidogo aitwaye Amano, kwa jina la mpiga picha Takashi Amano wa Japani aliyemwenezea sifa. Huyu hula ukoga kwa bidii kubwa zaidi, na kwa kuwa watoto wake wahitaji maji yenye chumvi ili wakue, hazaliani katika tangi la maji baridi. Asiyetaka uduvi waongezeke achague huyu.

Hata samaki mpole atameza mtoto wa uduvi akimkuta wazi. Dawa yake si kumlaumu samaki. Pandeni mimea midogo iliyosongamana, na pangeni mawe na vipande vya mti vyenye nyufa, ili wadogo wapate maficho. Uduvi anapojivua gamba huwa laini kwa saa kadhaa, na wakati huo mkubwa naye huhitaji maficho hayo hayo.

Amana ya uduvi

Uduvi ni mwepesi kudhurika kuliko samaki, naye ndiye kipimo cha nyumba nzima. Mambo matatu humwua upesi.

La kwanza ni upungufu wa chokaa. Hapa ndugu walioko Pwani wanaweza kuwafaa jamaa zao wa bara kwa zawadi isiyo na gharama, nayo ni ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufuoni. Uoshwe vizuri, uchemshwe, kipande cha ukubwa wa kidole gumba kitiwe ndani ya tangi. Huyeyuka polepole na kumpa uduvi anachokihitaji.

La pili ni shaba. Dawa nyingi za samaki zina shaba, na kiasi kidogo kisichomdhuru samaki humwua uduvi. Samaki akiugua, mtoeni na mumtibu katika ndoo ya pembeni. Wala msichukue maji yaliyokaa ndani ya chombo cha shaba.

La tatu ni dawa za wadudu. Pareto, lile ua jeupe lililopandwa kwa miaka mingi katika nyanda za juu za Kenya, Meru ikiwemo, hutoa dawa isiyomsumbua sana binadamu, lakini kwa samaki na uduvi ni sumu kali, na dawa nyingi za mbu za viwandani zimetengenezwa kwa kuiga mfano wake. Msipulize dawa ya mbu katika chumba chenye tangi. Tena pampu huvuta hewa ya chumba na kuisukuma majini, basi koili ya mbu na chetezo cha udi visiwekwe karibu nayo. Mboga mnayowapa uduvi iwe ya bustani isiyopulizwa dawa, ioshwe na ichemshwe kidogo. Na mikono yenye sabuni au manukato isuuzwe kabla ya kuingizwa majini.

Hesabu ya tangi moja

Tuchukue tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Hilo ni la lita 54, na likishatiwa mchanga na kuachwa nafasi juu, maji yake ni kama lita 45. Litapita kilo 60 kwa uzito, kwa hiyo liwekwe juu ya meza imara, mbali na jua la dirishani. Litiwe chujio la sponji linaloendeshwa kwa pampu ya hewa, kwani chujio la namna nyingine huweza kuwavuta watoto wa uduvi.

Kisha lisitiwe samaki. Haraka haraka haina baraka. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wako bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huhitaji majuma manne hadi sita kujijenga ndani ya sponji na mchanga. Katika muda huo tieni chembe ndogo ya chakula kila siku ili wapate cha kulia. Wanaotia samaki siku ile ile ya kununua tangi ndio wanaokuta maiti juma la pili, wakadhani wameuziwa wagonjwa.

Majuma hayo yakiisha, tieni uduvi 10 kwanza, wazoee mahali na maficho yao. Baada ya majuma mawili tieni samaki wanane wa Mlima wa Wingu Jeupe. Kila anayeingia aelee ndani ya mfuko wake juu ya maji kwa dakika 20, kisha aongezewe maji ya tangi kidogo kidogo, hasa uduvi, ambaye ataka saa nzima. Tangi limejaa, msiongeze wengine, hata ikiwa mtoto analia. Kila juma badilisheni ndoo moja ya lita 10 kwa maji yaliyolazwa. Chakula kiwe kile watakachokimaliza kwa dakika mbili, mara moja kwa siku, na mtoto mmoja tu awe mwenye zamu, kwani samaki wengi wa majumbani huuawa kwa kulishwa na watoto watatu, kila mmoja asijue kwamba mwenziwe amekwisha kulisha. Samaki mmoja akioza, huoza wote: katika tangi methali hii si mfano, ndivyo ilivyo hasa. Aliyekufa atolewe saa ile ile.

Jambo la afya ya watoto wenyewe tusilisahau. Msichukue mimea wala konokono kutoka mitoni au katika mitaro ya mashamba ya mpunga. Mwea, iliyo jirani na Embu, imejulikana kwa miaka mingi kuwa na ugonjwa wa kichocho, nao huenezwa kwa konokono wa maji. Mimea nunueni dukani, na muioshe.

Wasimwagwe mtoni

Tumebakiwa na jambo ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote. Watoto watachoka, au gapi watazaana, au familia itahama, na mtu mwenye huruma atasema: tuwaachie huru mtoni. Kwa wa Embu mto wa karibu ni Rupingazi, na kwa wa Meru ni Kathita. Rupingazi huingia Thiba, na Thiba huingia Tana. Kathita nayo huishia Tana. Na Tana, ndugu zetu wa Pwani, hushuka Garissa na Hola na Garsen hadi ikamiminika baharini Kipini. Kinachomwagwa nyuma ya nyumba moja ya Embu kimo katika maji yale yale wanayoyanywa na kuyavua Wapokomo na jirani zetu wa Tana.

Madhara yake tumekwisha kuyaona. Mwaka 1970 kamba wa maji baridi wa asili ya Louisiana, Marekani, alitiwa katika Ziwa Naivasha kwa nia ya kupata biashara. Alizaana mno, akaila mimea ya majini hata yungiyungi zikatoweka katika sehemu kubwa ya ziwa lile. Gapi nao walitiwa katika mito ya nchi nyingi ili wale viluwiluwi vya mbu, na mahali pengi wamewasonga samaki wadogo wenyeji. Kumtoa kiumbe kwenye kioo na kumtia mahali asipokuwa mwenyeji si kumpa uhuru. Ama atakufa kwa ubaridi usiku wa kwanza, ama ataishi na kuwafisha wenyeji. Mwenye kushindwa awarudishe dukani, au awape mfugaji mwingine. Maji machafu ya tangi yamwagiwe mgomba au sukuma wiki bustanini, kwa kuwa nitrati yake ni mbolea njema.

Kwa hiyo, dada yetu wa Embu, mwambie muuza samaki kwamba samaki wa dhahabu, beta na gapi wabaki kwake. Mwulize kama anaweza kukuletea wale wa Mlima wa Wingu Jeupe au danio, na uduvi wa cheri, na umwulize wamekaa siku ngapi dukani na wanakula nini. Akisema hana, subiri. Tangi lenye uduvi kumi na mimea peke yake, bila samaki hata mmoja, ni zuri la kutosha kumfunza mtoto kutazama. Na ukiona kwamba nyumba yako kwa sasa haina nafasi, wala muda wa ndoo moja kwa juma, waambie watoto hapana kwa upole, mwende mkawatazame samaki katika bwawa la jirani. Kukataa amana usiyoiweza ni bora kuliko kuipokea na kuipoteza.

Wabillahi tawfiq.